Mikono Iko Kwenye Cherehani

Mafundi cherehani wana uongo wao, na wateja wameuzoea kama walivyozoea mbu. "Njoo kesho, nguo yako imebaki vifungo tu." Ukija kesho, kitambaa chako kiko vile vile kwenye mfuko uliokuja nao, hakijaonja hata mkasi. Dada yake Chiriku alikuwa bingwa wa uongo huo. Chumba chake cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba yao, mlango umetazama barabara, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzuri, watu walilalamika, wakamsema kidogo, kisha wakarudi na vitambaa vingine. Mtaa mzima ulimwita Bi Kesho. Naye aliitika bila haya, pini zikiwa mdomoni.

Ikaja homa. Kila mtu aliiona ni homa ya kupita, na yeye mwenyewe, akiwa kitandani, alimtumia mteja mmoja salamu kwamba suruali yake ingekuwa tayari kesho. Wakamzika kabla ya wiki kwisha.

Jina la Chiriku alilitoa dada huyo huyo, kwa sababu utotoni mdogo wake alikuwa hafungi mdomo hata akiwa na chakula ndani yake. Siku hizi ungelisikia jina hilo ungedhani watu wanamkejeli, maana maneno yalikuwa yamemkauka. Alikuwa anasomea kutengeneza tovuti kwenye chuo kidogo juu ya duka la vioo, na kozi ilikuwa inaelekea ukingoni. Ilibaki kazi ya mwisho, ndiyo ya kufaulu au kurudia yote: tengeneza tovuti ya biashara ya kweli, iwe hewani, uisimamie mbele ya darasa. Mwalimu wao, mtu mkavu aliyening'iniza miwani shingoni, alikuwa na usemi alioukariri mpaka wanafunzi wakawa wanamuigiza kwenye ngazi. "Kitufe kisichofanya kazi ni mlango uliochorwa ukutani," alisema. "Nami nitaugonga. Ole wako nijigonge kichwa."

Biashara aliyoiandikisha Chiriku ilikuwa ya dada yake. Aliiandikisha dada akiwa hai, tena kwa amri. "Ukimtengenezea mtu mwingine kabla yangu nitakukata masikio kwa mkasi huu," dada alimwambia, akauchezesha mkasi wenyewe hewani. Chiriku akaahidi. Ahadi ni deni, na aliyekudai akishaingia kaburini huna wa kumwomba akusamehe. Angeweza kwenda kwa mwalimu akasema mwenye biashara amefariki, nipe nyingine. Hakwenda. Kwenda kungemlazimu kulitamka neno, na nyumbani kwao neno hilo halikutamkwa.

Mama ndiye aliyelipiga marufuku, bila kumtangazia mtu. Jirani akisema "marehemu", mama aliinuka kwenda kutazama jiko, hata kama jiko halikuwa limewashwa. Alimtaja binti yake mkubwa kama mtu aliyeingia chumba cha pili kuchukua kitu. "Dada yako hapendi mlango uachwe wazi." "Dada yako na vitunguu vibichi, mbalimbali." Chumba cha kushonea alikifunga, na ufunguo akautia kamba akauvaa shingoni. Kila kitu kilibaki mle ndani: cherehani, pasi, simu ya dada kwenye rafu, na nguo ambazo hazijaisha, zimetundikwa kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta. Chiriku aliziona dirishani kila alipopita. Magauni yasiyo na mikono, makoti yasiyo na kola, yote hayana vichwa, yote yanasubiri. Upepo ukipenya kwenye nyufa yaligeukiana kama watu wanaosengenya, na Chiriku aliongeza mwendo hata mchana kweupe.

Tovuti yenyewe ilitoka nzuri kuliko alivyotaka. Picha alikuwa nazo za kutosha, maana dada alipenda kupigwa picha na nguo zake kuliko na watu. Rangi alizichagua kwenye vipande vya vitambaa alivyokuwa amevihifadhi kwenye kopo la biskuti. Uliomtesa ni ukurasa wa kumweleza fundi. Aliandika kwamba fundi alikuwa mcheshi, akafuta. Akaandika kwamba fundi ni mcheshi na anapokea wageni siku zote, akaona aibu, lakini hakufuta. Uongo wa fundi, alijiambia, una haki ya kukaa kwenye tovuti ya fundi.

Mwishoni kukabaki kitufe cha "Mwandikie Fundi". Ukikibonyeza, kinafungua ujumbe unaokwenda moja kwa moja kwenye simu ya biashara. Hapo ilihitajika namba ya kweli, na Chiriku, bila hata kufikiri, akaandika namba ya dada, kwa kuwa ndiyo namba pekee aliyoijua kwa kichwa hapa duniani. Hata ya mama hakuijua. Akatuliza moyo wake kwamba simu ile imefungiwa chumbani, betri imekufa zamani, mwalimu atabonyeza, ataona ujumbe umetoka, atatia alama yake yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite.

Siku ya majaribio mvua ilipiga bati la chuo mpaka mwalimu akawa anafundisha kwa ishara. Kila mwanafunzi ajaribu vitufe vyake, mikono yake ilisema. Chiriku alifungua tovuti kwenye simu yake, akabonyeza, akaandika kama wanavyoandika wote wanaojaribu: "Jaribio. Mpo?"

Hakuwahi hata kuiweka simu mezani. Ilitetemeka kiganjani mwake. Juu palikuwa na jina, Dada, na picha yake akicheka na pini mdomoni. Chini palikuwa na jibu.

"Nipo. Ngoja kidogo, mikono iko kwenye cherehani."

Maneno yale aliyajua. Ndiyo aliyoyasema dada kila mtu alipobisha hodi, kwa sauti ya mtu aliyezidiwa na kazi, na nusu ya mara hizo alikuwa amejilaza kwenye mkeka anakula karanga.

"Kimefanya kazi?" aliuliza msichana wa meza ya pili.

"Kimefanya."

"Mbona unatetemeka sasa?"

"Baridi," alisema Chiriku, akaigeuza simu kifudifudi.

Nyumbani alimkuta mama anachambua mchele, uso wake mtulivu, simu yake ya vibonye pembeni, ile ambayo haijui kitu zaidi ya kupiga na kupokea. Chiriku alizunguka jikoni kama kuku anayetaka kutaga, mwisho akauliza.

"Mama, simu ya dada iko wapi?"

"Iko kwake."

"Haijazimika?"

Mama aliinua macho. "Kwa nini izimike?" Kisha akarudi kwenye mchele wake, akatoa jiwe, akalirusha dirishani.

Ukimweleza mtu yeyote anayejua kompyuta kisa hiki, atakukatiza hapo hapo akupe jibu. Chiriku naye alikuwa anajua kompyuta. Ila kuna kujua, na kuna kutotaka kujua. Kesho yake asubuhi, kabla hajanawa uso, alituma tena: "Dada?" Jibu likaja lile lile, nipo, ngoja kidogo. Akatuma akiwa njiani. Akatuma akiwa chooni chuoni. Alimweleza dada kwamba mama amekonda, kwamba rangi ya juu ya tovuti ameichukua kwenye lile gauni la machungwa, kwamba anaogopa kusimama mbele ya watu. Nipo, ngoja kidogo. Aliogopa, ndiyo, kila simu ilipotetemeka. Lakini ukweli usemwe, alifurahi pia. Alifurahi vibaya, furaha ya mtu anayekunywa maji asiyoyajua yametoka wapi, na aliona haya kwa ajili hiyo.

Basi akawa anangoja. Hakujua anangoja nini. Aliambiwa angoje, akangoja.

Siku moja kabla ya kusimama mbele ya darasa, alirudi mapema akakutana na mwanamke anatoka kwao, amekumbatia kifurushi. Alimtambua: muuguzi mmoja aliyekuwa mteja wa siku nyingi, kisha akahamishiwa kazi mbali.

"Chiriku! Umekuwa mkubwa," muuguzi alisema. "Mwambie dada yako ahsante. Niliacha kitambaa changu hapa hata sikumbuki lini, nikajua kimeshaliwa na panya. Juzi nikaona ile tovuti yenu, nikamwandikia, akanijibu pale pale. Leo nimekuja, gauni liko tayari!" Akacheka. "Bi Kesho na gauni tayari! Niliona kama miujiza."

Chiriku alikitazama kile kifurushi. "Umemwona?"

"Kunionyesha uso? Anao muda huo? Nimebisha dirishani, pazia likasogezwa kidogo, mkono ukatoka na kifurushi. Nikasema fundi, niingie nikusalimu? Kimya. Nikaacha, nimezoea vituko vyake." Alifungua karatasi akaonyesha pindo la gauni la bluu, mshono mdogo mdogo ulionyooka kama njia ya nywele zilizosukwa. "Mkono wake ule ule. Haya, mdogo wangu, nawahi zamu."

Muuguzi alikwenda zake. Chiriku alibaki getini, na hapo ndipo alipousikia mlio. Mwanzoni aliudhani wa mvua kwenye mfereji. Haikuwa mvua, jua lilikuwa linawaka. Ulikuwa mlio wa cherehani, unakwenda mbio, unakata, unakwenda tena, kama alivyoenda nao dada siku zote, kwa pupa, na kusimama ghafla kwa ajili ya kung'oa pini.

Miguu ilimpeleka mwenyewe hataki. Pazia lilikuwa limeacha upenyo. Nguo zilikuwa kwenye waya, lakini sasa zilikuwa chache, na mojawapo ilikuwa imepata mikono. Nyuma yake, mgongo umegeukia dirisha, mtu alikuwa ameinama juu ya cherehani. Alivaa aproni ya dada yenye mfuko uliochanika. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni kwake. Mabega yalipanda na kushuka na pedali.

"Dada!" Chiriku alipiga ukelele.

Cherehani ilikoma. Mtu yule akageuka, pini mdomoni, na alikuwa mama.

Walitazamana kupitia kioo. Mama alikuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa akiiba kwake mwenyewe. Alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini, kisha akafungua mlango.

"Ingia ukae," alisema.

Chiriku aliingia. Kulinukia pasi na mafuta ya mashine. Simu ya dada ilikuwa kwenye rafu, imechomekwa kwenye chaji, taa yake ya kijani inawaka.

"Nilikuwa naichaji tu," mama alisema kabla hajaulizwa. "Kila siku naingia naichaji. Nilisema moyoni, ikizimika hii na mimi nitazimika. Siku ile ya mvua nimeishika naifuta vumbi, ikalia. Nikasoma, Chiriku. Unamuuliza kama yupo. Nikasema maskini mtoto wangu, amechanganyikiwa. Na hapo hapo, mimi nimeishika hivi, sijagusa kitu, akakujibu."

"Mama..."

"Akakujibu, Chiriku. Mbele ya macho yangu. Nilikaa chini, hapo ulipokanyaga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia? Kila siku unaongea naye, mimi nasoma. Mpaka kukonda kwangu umemwambia." Mama alijifuta uso kwa aproni. "Kisha muuguzi akaandika, naye akaambiwa angoje, mikono iko kwenye cherehani. Nikakaa nikawaza. Mikono ya nani? Mtoto ameahidi watu, na mikono hana. Kitambaa kilikuwa hapo, vipimo vimebanwa kwa pini. Na nani alimfundisha kushona kama si mimi?" Aliuvuta utepe wa kupimia shingoni. "Maisha yake yote walimwita muongo. Kwa utani, najua. Lakini sitaki aitwe muongo huko aliko."

Hapo Chiriku alitamani awe mtu asiyejua kitu. Angenyamaza, mama angeshona, simu ingejibu, na watatu wao wangeendelea kuishi hivyo mpaka wateja waishe. Lakini aliutazama mgongo wa mama uliopinda, vidole vyake vilivyotobolewa na sindano, aproni ya mwanawe aliyoivaa kama ngozi, akaona anapoelekea. Alikuwa amezika mmoja, na wa pili alikuwa anaingia humo humo kwa miguu yake.

"Si yeye, mama," alisema. "Ni simu. Kuna mahali unaandika maneno, simu inamjibu kila anayekutumia ujumbe, hata ukiwa umelala. Dada aliyaandika mwenyewe. Akayaacha."

Aliishusha simu, akafungua, akabonyeza hapa na pale, akamwonyesha. Maneno yalikuwa pale, kwenye kisanduku chake: Nipo. Ngoja kidogo, mikono iko kwenye cherehani.

Mama aliyasoma kwa muda mrefu, midomo ikicheza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Chiriku akadhani ni kilio.

"Mshenzi mkubwa!" mama alisema. Alikuwa anacheka. "Hata simu aliifundisha uongo! Yeye yuko kwenye mkeka na karanga zake, simu inamdanganyia watu!" Chiriku naye akapasuka, wakacheka wameshikana mikono mpaka kicheko kikageuka na wakalia, na hakuna aliyekwenda kutazama jiko.

Mama ndiye aliyetangulia kunyamaza. "Ukiizima, itakuwaje?"

"Itanyamaza."

"Basi usiizime."

"Kesho mwalimu atakibonyeza kile kitufe, mama. Majibu yatatokea ukutani, makubwa, darasa zima linasoma. Ataniambia hongera, fundi wako yupo. Nitaanguka pale pale. Nikikiondoa, sijafaulu. Nikikiacha..." Hakumaliza. Alimwonyesha mama pale pa kuwashia na kuzimia maneno ya dada. Alimwonyesha na herufi, jinsi ya kuandika ujumbe na kuutuma. Kisha akamrudishia simu kiganjani. "Mimi siwezi kumzima. Na siwezi kukuzimia wewe. Iko kwako."

Mama aliiweka simu kwenye rafu, akakaa, akakanyaga pedali.

Kesho yake darasa lilijaa. Tovuti ya Chiriku ilipotokea ukutani, mtu alipiga mluzi kwa yale magauni. Aliieleza kwa sauti ndogo, ukurasa kwa ukurasa, akiomba umeme ukatike. Umeme haukukatika. Mwalimu alivaa miwani, akakishika kipanya mwenyewe.

"Haya," alisema. "Tugonge mlango."

Akabonyeza. Ukurasa wa ujumbe ukafunguka, picha ya dada ikatokea ukutani, kubwa kama dirisha, anacheka na pini mdomoni. Mwalimu aliandika: "Habari za kazi. Fundi yupo?" Akatuma.

Chiriku alifumba macho. Alikuwa amezoea jibu kuja kabla mtu hajapumua. Alipumua. Akapumua tena. Hakukuja kitu.

Alifumbua macho. Chini ya swali la mwalimu palikuwa patupu. Basi mama ameyazima, alijiambia, na hapo, katikati ya darasa, mikono ikiwa imeshika ukingo wa meza, ndipo alipojua kwa mwili wake wote kwamba dada amekufa. Makaburini hakuwa amejua, alikuwa amesimama tu na watu. Sasa alimwita mtu, na mtu hakuitika.

"Mlango wa kuchora?" mwalimu aliuliza, si kwa ukali.

"Tungoje kidogo, mwalimu," Chiriku alisema.

Wakangoja. Mtu akakohoa. Kisha, chini ya jina la dada yake, kukatokea maandishi madogo ya kijani: anaandika. Yakapotea. Yakarudi. Anaandika. Msichana wa meza ya pili akacheka, akisema fundi huyu naye ana kidole kimoja, na Chiriku alimwona mama kama yuko mbele yake, amevaa miwani yake, anaitafuta kila herufi kama anayetafuta pini sakafuni. Maandishi ya kijani yalipotea tena, kwa muda mrefu mpaka mwalimu akaanza kuvua miwani. Ndipo ujumbe ukaja.

"Hayupo. Binti yangu alifariki. Mimi ni mama yake, nguo alizoacha nazimalizia mimi moja moja. Kama una yako hapa, karibu, ila usije kesho. Kesho haitakuwa tayari."

Aliyekuwa anacheka aliacha. Mwalimu alisoma mpaka mwisho, akarudia, kisha akamgeukia Chiriku.

"Huyu fundi ni nani wako?"

"Dada yangu," Chiriku alisema. "Amekufa."

Mwalimu alivuta kiti akakaa. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati, na Chiriku ilimbidi apaze sauti ili wa nyuma wamsikie. Alianza na ule mkasi uliotaka kumkata masikio, akaja kwenye karanga, na darasa likamwacha aongee.